Kandili za Novemba kandokando ya mto Rhine: mila ya watoto katika vizazi vinne

Swali: Ninaishi karibu na Köln, Ujerumani, na watoto wangu wawili wamezaliwa hapa. Kila Novemba shule ya chekechea hututaka wazazi tutengeneze kandili ya karatasi kwa ajili ya maandamano ya Mtakatifu Martino. Mwalimu hutuambia kwamba desturi hii ni ya kale mno na haijabadilika. Bibi jirani yetu, ambaye amepita miaka themanini, anasema kwamba marehemu mama yake hakubeba karatasi bali mzizi wa shambani uliochongwa meno, na kwamba Halloween ya siku hizi imekuja kuiua mila yao. Nimsikilize nani, na je, mila hizi za watoto zimebadilika kiasi gani kutoka kizazi hadi kizazi? (Mama wa watoto wawili)

Jibu: Dada mpendwa, kumbukumbu ya jirani yako ni sahihi, na mwalimu naye hajapotoka kabisa, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mwalimu anazungumzia sikukuu, ambayo kweli ni ya kale. Jirani anazungumzia yale ambayo watoto hufanya usiku wa sikukuu hiyo, na hayo yamegeuka zaidi ya mara moja katika muda wa miaka mia moja na hamsini hivi. Kwa maoni yangu badiliko kubwa kuliko yote linahusu umiliki wa usiku wenyewe: zamani ulikuwa wa watoto, kisha watu wazima wakauchukua na kuupanga, na leo sehemu yake inawarudia watoto kupitia mlango ambao jirani yako haupendi.

Tuanze na sikukuu. Martino alizaliwa yapata mwaka 316 huko Savaria, mji ambao leo unaitwa Szombathely na uko Hungaria. Alikuwa askari wa jeshi la Roma, na kisa kinachosimuliwa kila Novemba ni cha siku ya baridi kali kwenye lango la mji wa Amiens, alipomkuta maskini asiye na nguo, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, nchini Ufaransa, akafariki mwezi Novemba mwaka 397, na akazikwa tarehe 11. Siku ya mazishi hayo ndiyo iliyobaki kuwa sikukuu yake.

Kisa cha joho, hata hivyo, hakitoshi kueleza kwa nini watoto ndio walioishika siku hii, kwani watakatifu wenye visa vya ukarimu ni wengi. Sababu iko katika kalenda ya wakulima. Kufikia tarehe 11 Novemba mavuno yalikuwa yamekwisha kuingia ghalani, kodi za mashamba zililipwa, watumishi na vibarua walipokea ujira wao na baadhi yao kubadili mwajiri, na mifugo ambayo isingepata malisho wakati wa baridi ilichinjwa. Katika karne za kati, mara baada ya siku hiyo ulianza mfungo mrefu wa kuingojea Krismasi, kwa hiyo usiku wa Martino ulikuwa wa mwisho wa kula na kunywa bila kujizuia, na hadi leo familia nyingi humla bata bukini siku hiyo. Chakula kilipokuwa kingi namna hiyo ndani ya nyumba, na jua likitua kabla ya saa kumi na moja jioni, ilikuwa rahisi kwa watoto na maskini kujifunza kubisha hodi gizani.

Sasa tumfikirie mama wa jirani yako, ambaye kwa hesabu ya umri atakuwa alikuwa mtoto baada ya vita vya kwanza vya dunia au karibu na hapo. Katika vijiji vingi vya eneo hilo bado ilikuwapo hali iliyorithiwa kutoka karne ya 19. Vikundi vya watoto, hasa wavulana, vilianza kazi siku nyingi kabla ya sikukuu, vikikusanya kuni, majani makavu, vikapu vilivyochakaa na chochote kilichoweza kuwaka, ili moto wa mtaa wao uushinde moto wa mtaa wa pili. Kuwaibia wenzao kuni ilikuwa sehemu ya mchezo, na kupigana kwa ajili ya kuni hizo pia. Jioni yenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba wakiimba, mzunguko ambao watu wa vijiji vya Köln na Bonn huuita Schnörzen na wale wa Düsseldorf huuita Gripschen, wakapewa tufaha, jozi, maandazi au senti kidogo. Mwenye nyumba aliyetoa aliimbiwa sifa, na aliyefunga mlango aliimbiwa ubeti wa kumwaibisha, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Mkononi walibeba ule mzizi ambao jirani yako ameutaja: aina ya bitiruti nene inayolimwa kulishia ng'ombe, iliyokombwa ndani kwa kijiko, ikatobolewa macho na meno, kisha ikatiwa kipande cha mshumaa. Mzizi huo haukugharimu chochote, kwa kuwa ulikuwa umerundikwa shambani wakati huohuo, na sura ilichongwa ya kutisha kwa makusudi.

Ninataka uone jinsi usiku ule ulivyoendeshwa. Haukuwa na kamati, na hakuna mzazi aliyefuata nyuma kulinda msafara. Watoto wakubwa waliwafundisha wadogo nyimbo, wakagawana walichopata kwa kanuni zao wenyewe, na mtoto alipofikisha umri wa kuanza kazi aliacha kushiriki bila mtu kumtangazia. Mila ilihama kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na miwili kwenda kwa mtoto wa miaka minane, na si kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanawe, kwa hiyo kizazi cha watoto kilikuwa kifupi sana, na ubeti mpya wa kejeli uliweza kuenea kijiji kizima kwa msimu mmoja.

Watu wazima hawakuufurahia. Moto karibu na nyumba za mbao na mapaa ya nyasi ulikuwa hatari ya kweli, na watawala waliupiga marufuku mara kwa mara bila kufanikiwa sana. Miji ya Rhine ilipojaa viwanda, watoto wa wafanyakazi waliogonga milango ya wenye mali usiku walianza kuonekana kuwa ombaomba na wahuni. Dawa iliyopatikana haikuwa marufuku nyingine bali mpango. Maandamano yaliyopangwa ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ni yale ya Dülken, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Uholanzi, mwaka 1867. Düsseldorf nayo ikawa na yake kabla karne hiyo haijaisha, na kutoka huko mtindo ulienea mji kwa mji na kijiji kwa kijiji. Walimu, mapadri na wafanyabiashara waliunda kamati. Watoto walipangwa kwa madarasa, wakafundishwa nyimbo shuleni, wakapewa kandili za karatasi badala ya mizizi yenye meno, na mbele yao akawekwa mtu juu ya farasi, mwenye kofia ya chuma na joho jekundu, aigize kisa cha Amiens. Moto ulibaki, ila ukawa mmoja, nje ya makazi, chini ya ulinzi wa zimamoto. Mpanda farasi ambaye mwanao humwona kuwa ndiye kiini cha sikukuu hakuwapo kabisa katika usiku wa watoto waliozunguka na mizizi yao kabla ya maandamano kubuniwa.

Kuna jambo dogo katika mpango huo ambalo mimi hulirudia kila ninapofundisha, kwa sababu linaonyesha mageuzi yote kwa pamoja. Kamati za Martino hupita nyumba kwa nyumba kabla ya sikukuu zikichangisha fedha, na kwa fedha hizo kila mtoto hununuliwa mkate mtamu wa umbo la mtu, unaoitwa Weckmann, ambao mara nyingi huwa umebandikwa kiko cha udongo. Kubisha hodi hakukufutwa; kulihamishwa. Mtu mzima ndiye anayebisha, mchana, akiwa na kopo la michango, ili mtoto asibishe usiku.

Sisemi hayo kwa kuwalaumu. Maandamano yaliwaingiza wasichana na watoto wadogo katika usiku ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wavulana wenye mbavu. Yalimhakikishia mtoto wa maskini mkate bila kumlazimisha kumsihi mtu, na yalikifanya kisa cha joho kifahamike hata kwa watoto ambao awali walijua tu kwamba ni usiku wa moto na tufaha. Hayo ni mafanikio makubwa. Ninachokataa ni kuyaita maandamano hayo ya kale na yasiyobadilika, kwa sababu yenyewe yalikuwa badiliko, tena lililofanywa na watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana.

Huenda ukajiuliza tunajuaje hayo yote, wakati watoto hawaachi nyaraka. Kuanzia mwaka 1930 watafiti wa Ujerumani walituma madodoso katika maelfu ya miji na vijiji kwa ajili ya ramani kubwa ya mila za nchi, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni mambo ya moto wa Martino na misafara ya watoto. Kumbukumbu za kazi hiyo ziko Bonn, si mbali na kwako. Zinaonyesha kwamba mtindo mpya haukufika kila mahali kwa wakati mmoja: mji mmoja ulikuwa tayari na mpanda farasi na bendi ya matarumbeta, na kijiji kilicho karibu nao kilikuwa bado na mizizi na nyimbo za kejeli. Ndiyo maana ndani ya familia moja mama anaweza kuwa mtoto wa mzizi na binti akawa mtoto wa karatasi, bila yeyote kati yao kukumbuka vibaya.

Jirani yako mwenyewe alizaliwa wakati wa vita vya pili au karibu navyo. Tangu Septemba 1939 ilikuwa marufuku kuonyesha taa nje usiku, kwa kuogopa ndege za mabomu, na watoto kutembea na kandili barabarani lilikuwa jambo lisilowezekana. Vita vilipokwisha mwaka 1945 sehemu kubwa ya katikati ya Köln ilikuwa magofu, na karatasi ilikuwa adimu kiasi kwamba katika sehemu nyingi mizizi ilirudi kwa miaka michache. Kwa kizazi hicho, kuruhusiwa kuwasha mwanga barabarani na kupewa mkate mweupe mkononi kulikuwa na uzito ambao sisi hatuwezi kuuhisi. Ukimsikia bibi huyo akiitetea mila kwa ukali, kumbuka kwamba anatetea kitu ambacho katika utoto wake kilikuwa kimekatazwa, kisha kikarudishwa. Usimjibu kwa tarehe za vitabuni kabla hujamsikiliza mpaka mwisho.

Katika miongo iliyofuata mabadiliko yalikuwa ya taratibu, na kila moja likitazamwa peke yake linaonekana dogo. Magari yaliongezeka, hivyo msafara ukahitaji polisi na kibali cha kufunga barabara. Mshumaa ulibadilishwa na balbu ndogo ya betri kwenye ncha ya kijiti, kwa sababu kandili za karatasi ziliungua mikononi mwa watoto. Shule za chekechea zilianza kuwa na maandamano yao, na washiriki wakazidi kuwa wadogo: usiku uliokuwa wa watoto wa miaka kumi na miwili leo ni wa watoto wa miaka minne, ambao kwa umri wao hawawezi kwenda popote bila mzazi. Kandili nayo ambayo mtoto alikuwa akiichonga peke yake, leo, kama unavyojua kwa uzoefu, huundwa na mama au baba mezani usiku wa manane, na mtoto akaweka jina lake. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, familia ziliweka kandili madirishani na watoto wakapita na wazazi wao kuzitazama, na mitaa kadhaa imeupenda mtindo huo hata baada ya marufuku kuondolewa.

Katika miongo hiyohiyo watoto wenyewe walibadilika. Ujerumani ilitia saini mikataba ya kuleta wafanyakazi kutoka Italia mwaka 1955 na kutoka Uturuki mwaka 1961, na watoto wao wakaingia chekechea zilezile. Waswahili nao wamekuwapo Köln kwa muda mrefu, tangu Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1963. Karibu kila Novemba magazeti hubishana iwapo sikukuu ibadilishwe jina na kuitwa ya kandili au ya mwanga tu, kwa kuwaheshimu wasio Wakristo. Viongozi wa Waislamu nchini humo wamewahi kusema hadharani kwamba wao hawana tatizo na kisa cha mtu aliyemvika maskini, na kwa ninavyoona mimi ubishi huu huchochewa zaidi na watu wazima wasio na mtoto katika msafara. Uamuzi wa familia yako ni wako. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba Wajerumani wenyewe hawajawahi kuwa na namna moja ya kuiadhimisha: huko Ostfriesland, pwani ya kaskazini, watoto wa Kiprotestanti huimba nyumba kwa nyumba tarehe 10 Novemba kwa heshima ya Martin Luther, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1483 na kubatizwa kesho yake kwa jina la mtakatifu wa siku, na katika mji wa Erfurt Wakatoliki na Waprotestanti hukusanyika pamoja na kandili zao mbele ya kanisa kuu.

Tuje kwenye Halloween, ambayo ndiyo inayomuumiza jirani yako. Chimbuko lake liko Ireland na Uskoti, katika usiku wa kuamkia Novemba mosi, sikukuu ya Watakatifu Wote. Tunajua kwa undani jinsi Waayalandi walivyoiadhimisha, kwa sababu kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi wapatao 50,000 walitumwa wawahoji wazee wao na kuandika majibu kwenye madaftari, ambayo hadi leo yamehifadhiwa. Humo mna nyumba zilizozungukwa na watoto waliojifunika nyuso, mikate yenye pete ndani ya kubashiri ndoa, na mizizi iliyochongwa sura. Makumbusho ya Taifa ya Ireland huko Castlebar ina nakala ya plasta ya tanipu la aina hiyo kutoka Donegal, na sura yake inatisha kuliko boga lolote utakaloliona dukani. Wahamiaji waliipeleka mila hiyo Amerika Kaskazini, ambako walikuta maboga, zao la asili ya huko, makubwa na laini kuyakomba. Kule Kanada, katika magazeti ya miaka ya 1910 na 1920, ndiko tunakoanza kuona watoto wakimpa mwenye nyumba hiari ya kutoa kitu au kufanyiwa utundu, na baada ya mgawo wa sukari wa wakati wa vita kuondolewa Marekani mwaka 1947, pipi za viwandani zilikamata nafasi ya tufaha na jozi.

Ujerumani iliipokea sura hii ya Kimarekani katika miaka ya 1990, na biashara ilikuwa na mkono wake. Mwaka 1991 maandamano makubwa ya kanivali, sherehe za mitaani ambazo watu huvaa mavazi ya kuigiza, yalifutwa kwa sababu ya vita vya Ghuba, wauzaji wa mavazi wakapata hasara, na miaka michache baadaye wenye biashara hiyo wakaanza kuitangaza Halloween kama msimu wa pili wa kuuza. Kwa hiyo jirani yako anaposema kwamba kitu hiki kimeletwa na maduka, hasemi uongo. Ana sababu nyingine pia ya kuudhika: katika jimbo lenu Novemba mosi ni siku ambayo sheria inataka utulivu, watu huenda makaburini kuwakumbuka wafu wao, na kelele za usiku uliotangulia huwachoma.

Lakini hebu weka mbele yako vitu vitatu: mzizi wa mama yake, kandili ya karatasi ya utoto wake, na boga la mwanao. Mzizi ulikuwa na macho na meno. Boga lina macho na meno. Kandili ina jua, mwezi na nyota. Watoto wa mzizi walikwenda kwa vikundi vyao wenyewe, watoto wa boga wanakwenda hivyohivyo wanapofikisha umri, na watoto wa kandili wanatembea kwa mstari nyuma ya farasi. Mwenye nyumba bahili aliaibishwa zamani kwa ubeti na leo hutishiwa kwa utundu, ilhali katika maandamano hakuna bahili, kwa kuwa kamati imekwisha kuchangisha. Mila iliyoitwa ngeni inafanana na ya mama wa bibi huyo kuliko inavyofanana ile ambayo yeye anaiita ya asili. Mama yake akifufuka leo tarehe 31 Oktoba na kuwaona watoto wa jirani wakishuka ngazi wakicheka na mifuko yao, angejua mara moja kinachoendelea. Akiona mstari wa chekechea wenye mzazi kila hatua, angeuliza ni ibada gani.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba Halloween inaua mila. Naamini imeenea haraka kwa sababu maandamano yaliacha pengo. Mtoto wa miaka kumi anahitaji kutoka usiku bila mama yake, kuogopa kidogo, na kurudi na kitu alichokipata mwenyewe. Kizazi cha mapadri na walimu kilimnyima hayo kwa nia njema, na maduka yalipomrudishia aliyapokea bila kuuliza yametoka wapi.

Hata hivyo kuna hasara moja ambayo ninaihuzunikia pamoja na jirani yako, nayo ni wimbo. Mtoto wa Schnörzen aliimba kwanza, kisha akapewa; alichopata kilikuwa malipo ya kazi. Mtoto wa boga husema maneno machache na kufungua mfuko. Wazee wa Uskoti wana malalamiko hayohayo, kwa kuwa kwao mtoto aliyejifunika uso alitakiwa kuimba, kukariri shairi au kusema kichekesho kabla ya kupokea jozi, na sasa wanaona desturi hiyo ikipungua mwaka hadi mwaka. Uingereza nako watoto walikuwa wakitengeneza sanamu ya Guy Fawkes kwa nguo kuukuu, wakaikalisha barabarani na kuomba senti kabla ya tarehe 5 Novemba, kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge. Kwa kuwa sheria imewakataza watoto kununua fataki, senti hizo hazina tena kazi, na sanamu imekuwa nadra kuonekana mitaani.

Wasomaji wetu walioko Oman wataitambua hali hii bila kuelezwa zaidi. Usiku wa katikati ya Ramadhani watoto wa huko hufanya Qaranqasho: hupita nyumba kwa nyumba na taa, wakigonganisha makombe ya baharini na kuimba, wakapewa njugu, pipi na sarafu. Siku hizi maduka makubwa ya Maskati huandaa Qaranqasho ndani ya kumbi zake, penye ubaridi wa mashine na zawadi zilizokwisha kufungwa. Kwa kuwa Ramadhani huzunguka mwaka mzima, si mila ya majira ya mapukutiko, lakini hatua ni zilezile: watoto wenyewe, kisha kamati, kisha duka.

Ukitaka kuwasaidia wanao, mtumie jirani yako kabla hajachoka kusimulia. Usimuulize kama zamani kulikuwa bora, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo na mazungumzo huishia hapo. Muulize nani alitengeneza kandili yake na kwa kitu gani, alitoka na nani, waligeuza njia wapi, walirudi saa ngapi, walipewa nini katika nyumba ipi, na waliimba nini mbele ya mlango uliofungwa. Muulize pia alichosikia kwa mama yake kuhusu mambo hayohayo. Mwanao mkubwa aandike majibu, kama walivyofanya watoto wa Ireland, na aandike kwa lugha aliyoambiwa, hata kama ni lahaja ya Köln.

Kisha mwombe bibi huyo awafundishe kuchonga mzizi. Wakulima wa pembezoni mwa mji huwa nao mwezi huo, na wengi wao humpa mtoto mmoja au miwili bure. Kata kofia ya juu, komba nyama ya ndani kwa kijiko cha chuma hadi ukuta ubaki mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kazi inayochukua muda mrefu kuliko boga kwa sababu mzizi ni mgumu, na kisu akishike mtu mzima. Weka taa ya betri, na uutundike nje, kwani ndani ya nyumba yenye joto huoza na kunuka baada ya siku chache.

Mwisho, usidhani kwamba kila msafara hufanyika tarehe 11. Farasi, mpanda farasi na bendi huazimwa na shule na parokia nyingi, kwa hiyo maandamano hutawanywa katika siku za kabla na baada ya tarehe hiyo, na katika mitaa kadhaa ya Köln na Bonn watoto wakubwa bado huenda Schnörzen mara baada ya msafara kutawanyika. Waulize wazazi wa shule ya msingi iliyo karibu nawe ni jioni gani na ni mitaa ipi, waache wanao waende na wenzao ikiwa umri unaruhusu, na uhakikishe kwamba kabla ya kubisha hodi wamejifunza angalau beti mbili kwa moyo.